Kupaka Gari la Zamani Rangi Nyeusi kwa Mikono Yako: Kopo, Rola, Bunduki, Stika au Koti la Keria?

Corolla yangu ni ya mwaka 1996. Ilipofika mikononi mwangu ilikuwa nyeupe, au tuseme ilikuwa na nyeupe tatu: boneti ina yake, milango ya kulia ina yake, na paa lilikuwa limechoka kiasi kwamba ukilipitishia kiganja unatoka na unga kama wa chaki. Nikaamua nyeusi. Sababu zangu zilikuwa zile zile za kila mtu: nyeusi haihitaji kuchanganyiwa dukani, nyeusi inaheshimika, na nyeusi inaficha uzee. Ya kwanza ni kweli. Ya pili inategemea macho ya mtu. Ya tatu ni uongo mtupu.

Nyeusi ya kung'aa ni kioo. Mlango mweupe uliobonyezwa na mkokoteni sokoni unaweza kukaa miaka bila mtu kugundua. Upake mweusi, jua la saa kumi liupige ubavuni, na kibonyo kitaonekana toka ng'ambo ya barabara. Kipimo chake hakina gharama: mwagia boneti maji, inama mpaka jicho lilingane na bati, tazama taswira ya waya za umeme juu ya yale maji. Waya zikionekana zimenyooka, bodi iko sawa. Zikijikunja kama nyoka, basi ndivyo gari lako litakavyoonekana kila siku baada ya kupakwa.

Ila kwa mtu wa nyumbani nyeusi ya kawaida, isiyo na chembe za fedha, ndiyo rangi yenye huruma kuliko zote. Rangi za metaliki zina vichembe vinavyoweza kulala hivi kwenye fenda na vile kwenye mlango, ukapata gari la rangi mbili kutoka kopo moja. Nyeusi tupu haina mchezo huo. Unaweza kupaka mlango leo na mwingine Jumamosi ijayo, ukichubuka unaurudia peke yake. Tena hufunika haraka. Henry Ford naye kuanzia mwaka 1914 hadi 1925 aliuza magari yake ya Model T kwa rangi nyeusi tu, wakati miaka ya mwanzo zilikuwa na rangi nyingine. Na neno letu la gerejini, "duko", linatokana na Duco, jina la kibiashara la rangi iliyoletwa na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1923. Rangi hiyo ilikauka kwa muda mfupi sana kuliko vanishi za zamani zilizohitaji siku na siku.

Jambo moja la kulijua mapema ni joto. Mwaka 2011 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, walianika Honda Civic mbili juani, moja nyeusi na moja ya rangi ya fedha. Paa la nyeusi lilizidi la mwenzake kwa hadi nyuzi 25 za Selsiasi, na hewa ya ndani ilizidi kwa nyuzi 5 hadi 6. Gari la zamani ambalo AC yake ilishakufa, likiegeshwa Tanga au Mombasa mwezi wa pili, litakukumbusha utafiti huo kila ukifungua mlango.

Nimezipima kwa nini

Njia ni tano, na zote nimeziuliza maswali yale yale. Zinataka mahali gani na vifaa gani? Kazi yenyewe ikoje mkononi? Matokeo yanaonekanaje? Yanaishi vipi na jua, mvua na petroli, na ukija kuyachoka unaweza kurudi nyuma? Halafu, njia inamfaa nani? Bei sitazitaja kwa shilingi, maana bei ya kopo inabadilika hata kati ya duka na duka la mtaa mmoja. Nitasema tu kinachokula pesa ni nini.

Kuna mambo matatu ambayo hakuna njia inayokusamehe. Kwanza, jua kilichopo chini. Gari la zamani la kwetu limepita kwa wamiliki wanne, na kila mmoja aliacha koti lake. Chukua kitambaa cheupe, kitie thina, sugua sehemu iliyojificha, kama ndani ya kifuniko cha tangi. Rangi ikihamia kitambaani, ile ni ya kukauka tu, isiyo na hadina (dawa inayochanganywa ili rangi igande iwe ngumu), na thina kali ya rangi mpya inaweza kuiamsha ikunjamane kama ngozi ya maziwa. Pili, chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwa kitambaa, ipitishe kwenye bodi. Inapoacha kushika, hapo pana puti nene (kile kijazio cha vibonyo) au bati limekwisha. (Kwenye Land Rover za zamani haitashika karibu popote, kwa sababu bodi ni ya aluminiamu. Hizo zinataka praima, yaani rangi ya chini ya kushikia, iliyo maalumu ya kuuma aluminiamu, la sivyo rangi inabanduka kama ganda la kitunguu.)

Tatu ni mafuta ya silikoni, yale ya kung'arishia dashibodi na matairi. Tone dogo likibaki kwenye bodi, rangi inakimbia mahali pale na kuacha vishimo vya mviringo. Osha kwa sabuni ya vyombo, suuza, kausha, halafu pangusa kwa kimiminika cha kutoa mafuta. Usipanguse kwa petroli, kwani nayo huacha mafuta yake.

Na msasa, bila shaka. Namba 80 kwa puti, 180 na 320 kusawazisha, 400 hadi 600 kwa maji kabla ya rangi. Ukisikia mtu anasema alipaka gari zima kwa siku moja, muulize hapo katikati aliruka nini.

Kopo la kupuliza

*Mahali na vifaa.* Kivuli, ukuta wa kukinga upepo, magazeti na tepu ya karatasi. Umeme hauhitajiki, na huo ndio utamu wake. Kinachokula pesa ni idadi. Kopo la mililita 400 hutosha kama mita moja ya mraba, au moja na nusu ukibana, kwa mikono mitatu, yaani tabaka tatu. Gari dogo zima litameza makopo 15 hadi 20 ya rangi peke yake, mbali na praima. Kopo moja ni rahisi, ila makopo 20 ukiyajumlisha unaweza kukuta umeifikia bei ya kukodi kompresa.

*Kazi.* Tikisa kopo dakika mbili kamili baada ya gololi kuanza kulia ndani. Shika umbali wa sentimita 25 hivi, anza kupuliza nje ya ukingo wa paneli, pita, achia ukishatoka upande wa pili. Kila mstari upande juu ya nusu ya uliotangulia. Jua la saa sita ni adui: rangi inakauka hewani, inafika kwenye bati ikiwa unga, na ukigusa panakwaruza. Mimi hufanya asubuhi umande ukishakauka. Baada ya kopo la sita kidole cha shahada kinakufa ganzi, hilo lijue.

*Mwonekano.* Kwenye bampa, vioo vya pembeni, grili na rimu, kopo linatoa kazi ambayo hata fundi ataitazama mara mbili. Kwenye boneti na paa linaacha mistari, maana mdomo wake ni mdogo na eneo ni kubwa. Nyeusi isiyong'aa inaficha mistari kiasi, ila nayo ina tabia yake: huwezi kuipiga polishi. Ukiisugua inapata mabaka ya kung'aa.

*Kuishi.* Kopo la kawaida halina hadina. Petroli ikimwagika kwenye mdomo wa tangi, inaondoka na rangi. Yapo makopo yenye hadina ndani, unabonyeza kitufe cha chini kuichanganya. Hayo ni magumu kweli, lakini yakishafunguliwa huwa na siku moja au mbili tu kabla ya kuganda, na moshi wake ni hatari ile ile nitakayoieleza kwenye bunduki ya kupulizia rangi. Kurudi nyuma ni rahisi, msasa tu.

*Linamfaa* mwenye paneli moja au mbili, au anayetaka kufanya vitu vya plastiki na rimu kwanza aone kama mkono wake umetulia.

Rola na rangi ya mafuta

Watu hucheka nikiitaja hii. Rangi ya geti, kwenye gari? Ndiyo, rangi ya geti. Nimeona Peugeot 504 iliyopakwa hivi na mwenyewe, mwalimu, na nililizunguka gari mara mbili kabla ya kuamini.

*Mahali na vifaa.* Uani, barazani, hata chini ya mwembe kama hautoi utomvu wakati huo. Hakuna ukungu wa rangi unaoruka, kwa hiyo nguo za jirani kwenye kamba ziko salama. Rangi ya mafuta ya kung'aa, tapentaini, rola ndogo ya sponji ngumu ya inchi nne, na msasa mwingi. Kwa gharama ndiyo ya chini kuliko zote, kwa mbali.

*Kazi.* Siri yote iko kwenye wepesi wa rangi. Watu huipaka nzito kama ilivyotoka koponi, inabaki na vinundu kama ganda la chungwa. Ipunguze mpaka ifanane na maziwa, na usishtuke mkono wa kwanza ukionekana kama maji machafu yaliyopita juu ya bati. Ndivyo unavyotakiwa uwe. Mkono mmoja kwa siku, usirudi kugusagusa. Baada ya kila mikono miwili, msasa wa maji namba 600, baadaye 800. Mikono sita hadi minane, halafu 1500, 2000, na kompaundi ya kung'arishia. Hesabu wiki mbili za jioni zako. Mwalimu yule alifanya paneli moja moja huku gari likienda shuleni na kurudi, kwa hiyo kwa mwezi mzima lilikuwa kama pundamilia.

*Mwonekano.* Ukivumilia, ni kioo. Usipovumilia, ni geti.

*Kuishi.* Hapa ndipo panapouma. Rangi ya mafuta hukauka juu kwa siku moja lakini hukomaa ndani kwa wiki kadhaa. Wakati huo kinyesi cha ndege kikikaa nusu siku kinaacha alama ya kudumu. Jua letu huifubaza mapema kuliko rangi ya gari, basi nta kila baada ya miezi michache ni lazima. Jambo zito zaidi ni hili: siku utakapotaka kupiga rangi ya gari ya kweli juu yake, thina yake itaifanya ikunjamane, na fundi mwenye akili atakwambia uiondoe yote kwanza. Kwa hiyo njia hii ni rahisi kuingia na ghali kutoka.

*Inamfaa* mwenye muda kuliko pesa, mwenye gari analokusudia kulizeekea, na pikapu ya shamba isiyo na maringo.

Bunduki na kompresa

*Mahali na vifaa.* Unahitaji umeme wa uhakika, mahali pa kufunga, na sakafu unayoweza kuilowesha maji kutuliza vumbi. Kosa la wengi ni kutazama ukubwa wa tangi la kompresa badala ya hewa inayotoa kwa dakika. Bunduki nyingi za shinikizo dogo hutaka lita 230 hadi 340 kwa dakika, na kompresa ndogo ya kujazia matairi haifiki. Unaanza mlango vizuri, katikati pumzi inaisha, bunduki inatema matone. Tafuta bunduki inayokula hewa kidogo, au kodi kompresa ya maana kwa wikiendi. Mdomo wa milimita 1.3 au 1.4 kwa rangi, 1.6 hadi 1.8 kwa praima. Na usisahau chujio la maji kwenye mpira. Pwani, ukifungua koki ya chini ya tangi jioni, maji yanatoka kama ya bomba, na yote hayo yangeenda kwenye boneti.

*Kazi.* Gari dogo zima, pamoja na fremu za milango, litakula lita tatu hadi nne za rangi iliyokwisha changanywa. Kupuliza kwenyewe ni kazi ya nusu siku, maandalizi ni wiki. Pulizia kwanza kipande cha bati bovu ukutani, rekebisha upana wa feni, yaani mtawanyiko wa rangi, mpaka uone yai refu lisilo na kiuno. Mkono wa kwanza ukungu tu, wa pili ulowe, wa tatu ulowe. Ukisimama mahali rangi inaanza kulia, machozi marefu mpaka kwenye kishikio.

Unaweza kutumia duko ya kawaida, inayokauka kwa thina kuruka tu, au rangi ya hadina. Duko inasamehe: ukikosea unasugua na kurudia kesho. Lakini hewa ikiwa na unyevu mwingi inapata ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo, nyeusi inakuwa kijivu mbele ya macho yako. Dawa ni kungoja siku kavu, au kutumia thina inayoruka polepole. Rangi ya hadina haina shida hiyo kwa kiasi hicho na ndiyo inayodumu, ila hadina yake ina kemikali iitwayo isosayaneti. Ukungu huo ukiuvuta unaweza kukuanzishia pumu ya maisha, na Uingereza rangi hizi zimehesabiwa miaka mingi miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya kazini. Kitambaa puani ni mzaha. Hata barakoa ya mkaa haitoshi kuaminiwa, kwa sababu isosayaneti haina harufu ya kukuonya chujio likichoka. Wanaoifanya kazi hii kwa utaratibu huvaa kofia yenye mpira wa kuletewa hewa safi. Kama huna, piga duko, au fanya maandalizi mwenyewe na umwachie kupuliza mwenye vifaa.

*Mwonekano.* Huu ndio ulio karibu na wa kiwandani, ukifanikiwa. Mimi jaribio la kwanza sikufanikiwa. Mvua ya kwanza ya masika ilikuwa imenyesha mchana, jioni upepo ukatulia kabisa, nikaona ndio wakati wa boneti. Nikatundika balbu kubwa juu yake ili nione vizuri. Mkono wa pili ulipolala, wa kung'aa kama maji ya kisima, kumbikumbi wakaja. Si mmoja, si kumi. Wakatua wakiwa wazima, wakaanza kutembea, kila mmoja akivuta mabawa yake kwenye rangi na kuchora barabara yake. Mzee wa jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Mwanangu, hiyo ni rangi au mtego?"

Nilizima balbu nikakaa gizani. Siku tatu baadaye nilisugua yote kwa namba 400 nikarudia asubuhi. Karibu na bawaba ya upande wa dereva bado kuna bawa moja chini ya rangi, na mtu akiniuliza humwambia ni nembo.

*Kuishi.* Rangi ya hadina ikipigwa juu ya praima nzuri hudumu miaka mingi na huvumilia petroli. Duko hufifia mapema lakini hung'arishika tena na tena mpaka iishe. Kurudi nyuma hakuhitajiki, kwani juu ya rangi ya hadina iliyokomaa unaweza kupiga chochote.

*Inamfaa* anayebadilisha gari zima kutoka rangi nyingine, mwenye nafasi ya kufunga, na aliye tayari kuharibu bati bovu mbili tatu kabla ya kugusa gari.

Stika nyeusi

*Mahali na vifaa.* Chumba kisicho na vumbi wala upepo, bunduki ya joto, kikwangua cha plastiki chenye ukingo wa kitambaa, wembe mpya mpya, na mtu wa pili. Bila mtu wa pili usianze. Stika huja kama karatasi ya plastiki ya kubandika, na roli yake huwa na upana wa mita 1.52, na gari dogo huhitaji mita 15 hadi 18, gari kubwa zaidi ya 20. Pesa yote inakwenda kwenye roli. Zipo za bei ya chini zilizotengenezwa kwa kukandamizwa na zipo za kumiminwa. Zile za kwanza hutaka kurudi umbo lake la asili, kwa hiyo baada ya miezi kwenye mkunjo wa bampa zinajivuta na kufunuka.

*Kazi.* Boneti na paa mtu yeyote mwenye subira anaweza. Bampa, vioo na vishikio ndipo watu wanapolia. Kila ukingo lazima upashwe joto tena mwishoni ili stika isahau kwamba ilivutwa.

*Mwonekano.* Nyeusi isiyong'aa ya stika ni safi kuliko ya kopo, hilo nakiri bila kinyongo. Lakini haifichi kibonyo, na kila punje ya mchanga iliyobaki chini inaonekana kama chunusi. Ukifungua mlango, rangi ya zamani ipo pale pale, isipokuwa umejitesa kuingia ndani.

*Kuishi.* Kwenye milango hudumu kuliko juu. Paa na boneti, zinazopigwa na jua kutwa, ndizo zinazochoka kwanza, na nyeusi huchoka upesi kwa sababu ya joto lake. Ahadi kubwa ya stika ni kwamba inatoka. Kwenye rangi nzima ya kiwandani ni kweli. Kwenye gari la zamani lililopigwa rangi gerejini juu ya puti, ukiivuta stika inaweza kuja na rangi pamoja na puti. Palipo na kutu haishiki kabisa, na kutu inaendelea kula chini yake kimya kimya.

*Inamfaa* mwenye gari la zamani ambalo rangi yake ya asili bado nzima, au anayetaka paa jeusi tu. Asiyefaa ni aliyedhani stika ni blanketi la kufunikia maradhi.

Koti la keria

Hili ni lile koti zito la kupaka ndani ya keria ya pikapu, pale nyuma panapobeba mizigo, ambalo siku hizi watu wanalipuliza gari zima, hasa Land Rover na Land Cruiser za zamani. Raptor ya U-POL ndiyo inayojulikana zaidi: sehemu tatu za rangi kwa moja ya hadina, unatikisa ndani ya chupa yake, unafunga bunduki yake juu, unapuliza. Kompresa ndogo inajitahidi, na maandalizi si ya kitoto lakini hayafiki ya nyeusi ya kung'aa, maana ukwaruzo wake unameza vibonyo, alama za msasa, hata kumbikumbi. Isosayaneti imo humo pia, kwa hiyo yale ya kofia na hewa safi yanahusika.

Linadumu, na tawi la mkwaju likiparuza pembeni halioni. Kurekebisha ni kupuliza kiraka, hakionekani. Kulitoa sasa, Mungu akusaidie: ni msasa mkali wa mashine kwa siku nyingi. Na tope jekundu linaingia kwenye vinundu vyake, utaosha kwa burashi. Kwenye Corolla litaonekana kama umevaa gumbuti harusini. Kwenye pikapu au gari la porini lenye bodi ya mraba, linakaa mahali pake.

Kwa hali yako

Kama unaishi nyumba ya kupanga yenye uwanja wa wote, bunduki iondoe akilini. Ukungu wake utatua kwenye gari la mwenye nyumba kabla ya lako. Chagua rola kama una subira, au kopo kwa vipande unavyoweza kuvifungua na kuvipeleka mahali pengine.

Gari likiwa na kutu inayotoboa, usinunue rangi yoyote mwezi huu. Pesa ya rangi iende kwa mchomeleaji.

Rangi ya kiwandani nzima ila imefifia, na hujui kama utaipenda nyeusi? Stika kwenye paa peke yake. Ishi nalo msimu mmoja wa kiangazi, uone kama joto lake mtaelewana.

Unabadilisha kutoka nyeupe na unakusudia kukaa na gari miaka mitano, kumi: bunduki, na usiruke fremu za milango. Mimi niliziruka mara ya kwanza. Kila abiria aliyefungua mlango aliona nyeupe, na kila mmoja aliona ni wajibu wake kuniarifu.

Njia yoyote ikibadilisha rangi ya gari zima, stika ikiwemo, kumbuka karatasi. Tanzania rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari na marekebisho hufanywa TRA, mamlaka ya mapato. Kenya imo kwenye logbuku na ni kazi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Bima nao waambie. Askari akisoma "nyeupe" mbele ya gari jeusi, maelezo yako yote yataanza kusikika kama ya mwizi.

Na kama unataka kulipaka ili uliuze mwezi ujao, liache lilivyo, lioshe tu. Gari la mwaka 1996 lenye nyeusi inayonukia thina linamtia mnunuzi wasiwasi, naye atakuja na sumaku mfukoni.